Miiba Kwenye Meza za Arusi

Mmea usioliwa, usiotibu homa, usiotoa kivuli, na ukiugusa unakuchoma, ni wa kazi gani?

Swali hilo liliulizwa Jumapili moja, mvua zikiwa zinaisha, kwenye barza ya mama yangu mdogo huko mtaa wa Katuba. Aliyeuliza alikuwa mama wa kijana aliyetaka kumwoa yaya yangu, yaani dada yangu mkubwa, binti wa pekee wa mama mdogo. Alikuja kupanga mambo ya arusi. Alikuwa amekwisha kula bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo, akasifu chumvi, akanawa mikono, na sasa alisimama mbele ya makopo ya nyanya ambamo mama mdogo alipanda kaktusi zake, akiyapitia moja moja kama mtu wa forodha.

Mama mdogo alinigeukia mimi.

"Huyu mutoto alisoma," akasema. "Yee ndiye atakujibu."

Nilikuwa nimemaliza sheria chuo kikuu na nilikuwa nyumbani nikingoja kazi ambayo haikuwa na haraka ya kunipata. Katika miaka yote ya masomo sikuwahi kuacha swali bila jibu; hata pale nisipojua, nilijibu. Hili lilinishinda. Nilisema jambo kuhusu uzuri. Mgeni wetu akaniuliza uzuri uko upande gani wa mwiba, na yaya akacheka ndani ya kiganja chake.

Chanzo cha swali kilikuwa hiki: mama mdogo alikuwa ametangaza kwamba kwenye arusi ya binti yake hakutakuwa na maua. Kila meza ingewekwa kaktusi zake, alizozipanda kwa mkono wake, na mwisho wa sherehe wageni wangeondoka nazo. Mama wa bwana arusi, kwa upande wake, alikuwa mfanyabiashara. Wazazi wake walitoka Kasai kwa reli zamani, yeye alizaliwa hapa, na kila mwezi alikwenda kwenye duka lake dogo la Mokambo kuchukua bidhaa zinazovuka mpaka kutoka Zambia: mablanketi, sahani, na maua ya plastiki. Kwa arusi ya mwanawe alikwisha chagua mawaridi meupe ambayo juu ya kila jani yalikuwa yamegandishwa matone ya umande wa gundi.

"Miiba ni ya kufukuza mwizi," alisema. "Munaalika bantu, kisha munabawekea miiba ku meza. Sasa bageni bakule ao bakimbie?"

Mama mdogo akajibu kwamba mtu mwenye macho atakula vizuri tu. Mwenzake akayasifu mawaridi yake: hayafi, hayaombi maji, na arusi ikiisha unayafunga kwenye mfuko wa sasheti mpaka arusi nyingine. Waliendelea hivyo kwa adabu kubwa, wakiitana Mama, Mama, mpaka chai ikapoa. Mwishowe wakakubaliana. Kabla ya arusi, mama wa bwana arusi angerudi kukagua. Akiiona mimea ni mizuri, itakwenda mezani. Akiiona mibaya, yatakwenda mawaridi ya plastiki, na mama mdogo hatasema neno. Bwana arusi mwenyewe alikuwepo. Hakuna aliyemwuliza.

Mgeni alipoondoka nilimwambia mama mdogo kwamba amekubali mkataba mbaya, kwa kuwa upande mmoja ndio unaouza maua na upande huohuo ndio unaohukumu. Alikuwa akipanga makopo upya.

"Mutaa muzima bananiita mama ya miiba," akasema. "Siku moja tu baone miye ninalinda nini."

Hakuwa na hasira. Alisema kama mtu anayetaja kitu alichokwisha kuamua kukinunua. Nikaelewa kwamba arusi ingefanyika kwa vyovyote, ila kwake yeye jambo lilikuwa kwenye meza zile.

Lazima nieleze habari za chama ambako mama mdogo alipatia mimea yake. Hakikuwa na jina rasmi. Tulisema tu chama cha kaktusi, ingawa nusu ya mimea haikuwa kaktusi bali mimea mingine ya majani manene inayojua kuweka akiba ya maji. Mimi niliingia kwa sababu ya makatoni. Mama mdogo alihitaji mtu wa kumbebea, na mimi sikuwa na pa kwenda Jumamosi. Wanachama wengi walikuwa wastaafu. Kulikuwa na watu wa Katuba kama sisi, wenye makopo na mabeseni yaliyotoboka, na kulikuwa na mama mmoja wa Golf, mtaa wa matajiri, mwenye vila, bustani na vyungu vya udongo vilivyochomwa vizuri. Tulikutana kwake mara nyingi kwa sababu alikuwa na viti.

Sheria ya kwanza ya chama ilikuwa kwamba kaktusi hainunuliwi. Kila mmea ulitokana na kipande alichokata mwenzako, kikawekwa kivulini mpaka kidonda chake kikakauka na kufunga, ndipo kikapandwa. Aliyekupa kipande alikuwa bibi wa mmea huo, hata kama ni mwanamume mwenye ndevu, na bibi alikuwa na haki ya kuja kumwona mjukuu wake saa yoyote bila kutoa habari. Kwa hiyo kwetu watu waligonga lango Jumanne asubuhi, wakapita moja kwa moja mpaka kwenye makopo, wakachovya kidole udongoni, wakaguna, wakaondoka. Nilimwuliza mama mdogo kama huko si kuingilia makazi ya mtu. Akaniambia, bila hata kugeuka, kwamba ni bibi yake.

Mikutano ilifunguliwa kwa habari za vifo. Kila mwenye msiba alisimama, akaeleza nini kimekufa na kwa sababu gani, na adhabu yake ilikuwa kuleta karanga mkutano unaofuata. Kilichonishangaza ni uhakika wao. Kaktusi imekufa kwa baridi. Imekufa kwa mbuzi wa jirani. Imekufa kwa sababu paka aliilalia. Mimi niliuliza swali moja tu kila mara: mmejuaje? Swali hilo likanipa cheo. Aliyeongoza chama, mwalimu mstaafu wa jiografia tuliyemwita Papa Prezida, alianza kuniita Procureur, mwendesha mashtaka, na wote wakafuata. Siku ya kesi ya paka alisimama akatangaza kwa sauti ya mahakama kwamba Procureur anauliza kama mshtakiwa alisikilizwa.

Jambo moja sikulihoji, kwa sababu lilikuja na maelezo yake. Wakati wa kiangazi, tunapomaliza maji ya mvua tuliyokinga, tunatumia maji ya bomba, na maji hayo huacha ukoko mweupe juu ya udongo. Kaktusi haipendi chokaa. Basi, ili kuikata chokaa hiyo, kila mwanachama alikamua ndimu kidogo ndani ya ndoo kabla ya kumwagilia. Watu walijivunia ndimu zao. Mama wa Golf alizichuma kwenye mti wake mwenyewe na kutugawia kwenye vikapu.

Rangi za arusi zilikuwa kijani na nyeupe. Mama mdogo alipaka makopo yote ya arusi rangi nyeupe, akayapanga yakauke, na akabaki na tatizo la kijani, kwa sababu kaktusi zake nyingi zilikuwa za rangi ya majivu. Papa Prezida ndiye aliyelitatua. Karibu na kwake palikuwa na fundi wa malakiti, lile jiwe la kijani, yule anayechonga tembo wadogo, shanga na vibweta vya kuuzia wasafiri, na nyuma ya karakana yake palikuwa na lundo la vipande na vumbi visivyofaa kitu. Papa Prezida alileta mfuko mzima. Tulivitandaza vipande vile juu ya udongo, kuzunguka kila mmea wa arusi, na makopo ya nyanya yakabadilika yakawa kitu cha kuonyesha. Kijani kile kilikuwa na mistari, giza na nuru, na kaktusi ya majivu katikati yake ilionekana imevaa.

"Hii ni inchi yetu," Papa Prezida alisema, akisogea nyuma kidogo ili aone vizuri. "Hata bageni ba Kinshasa bataona tuko na nini."

Akatupa somo fupi la shaba, jinsi inavyojificha ndani ya kijani kile, na jinsi wanafunzi wake wa zamani walivyokuwa wakisinzia alipofika hapo. Tulimpigia makofi. Mama mdogo alimfungia sahani ya samaki wa tomsoni aende nayo nyumbani.

Kisha baridi ya Juni ikaingia, na baada yake Julai, na kaktusi za arusi zikaanza kubadilika. Kwanza zile za mviringo zikapauka, zikawa njano upande wa chini. Halafu vichwa vyao vikabonyea katikati kama mkate uliokosa hamira. Mama mdogo alivuta moja polepole, nayo ikatoka koponi bila kupinga. Mizizi ilikuwa mifupi, ya kahawia, mithili ya uzi uliopitishwa kwenye moto. Akaipanda tena. Kesho yake akavuta nyingine.

Aliacha kuimba asubuhi. Alianza kuzungumza na mimea, na baada ya juma moja akaanza kugombana nayo. Yaya, aliyekuwa na mambo yake ya gauni na viatu, alisema siku moja tukila kwamba labda plastiki si kitu kibaya sana. Mama mdogo aliweka tonge chini, akalitazama, akalichukua tena.

Kwenye mkutano uliofuata alisimama kutoa habari za vifo na orodha haikuisha upesi. Kila mtu alikuwa na sababu. Fundi cherehani mmoja alisema ni moshi wa kiwanda. Muuguzi mstaafu akasema ni baridi. Mama wa Golf, kwa upole wa mtu mwenye viti, akadokeza kwamba huenda watu wa Katuba wanamwagilia kwa mapenzi kupita kiasi. Halafu mtu wa nyuma akasema lile ambalo wengine walikuwa wakilizunguka: mama wa bwana arusi alipita mbele ya makopo akayatazama moja moja. Macho yale.

Nilimwona mama mdogo akiinama. Niliuliza kwa nini jicho hilo halikuyagusa makopo ya zamani, yale ya ukutani, ambayo mgeni aliyatazama vilevile na yalikuwa na afya. Nikajibiwa kwamba jicho linachagua. Nikauliza linachagua kwa kigezo gani. Papa Prezida akagonga meza na kusema Procureur akae, lakini alisema huku akinitazama kwa namna ya kuniomba niendelee.

Nilirudi nyumbani nimekasirika, nikaanza kuosha vyombo ili nisigombane na mtu. Makopo ya arusi yalikuwa yametobolewa chini, na kila moja lilisimama juu ya sahani ya zamani ya bati lenye enameli nyeupe. Nikachukua na zile sahani nizisafishe. Sahani za makopo ya arusi zilikuwa na duara la rangi pembezoni, buluu hafifu inayokaribia kijani, pale maji yalipokauka. Sahani za makopo ya ukutani hazikuwa na kitu isipokuwa udongo.

Makundi yale mawili ya makopo yalitofautiana kwa kitu kimoja tu, na kitu hicho kilikuwa juu ya udongo, kizuri, kikimeremeta.

Nilichukua bilauri mbili. Katika kila moja nikatia maji ya bomba na kiganja cha vipande vya malakiti pamoja na vumbi lake. Katika moja nikakamua ndimu. Niliziweka juu ya kabati la chumba changu, nikasema kwa kila aliyeuliza kwamba ni dawa ya koo. Kesho yake bilauri isiyo na ndimu ilikuwa na maji tu. Ile nyingine ilikuwa imeanza kupata rangi. Siku ziliposonga, ikawa buluu-kijani kabisa, kama yale maji ya daktari wa meno ya kusukutulia.

Jumamosi ya mkutano niliziweka mezani Golf, katikati ya biskuti na karanga za adhabu. Fundi cherehani alinyoosha mkono kuelekea ile ya rangi akidhani ni siropu ya mnanaa, na ilibidi nimshike. Nilieleza nilichofanya: mawe yaleyale, maji yaleyale, ndimu huku, hakuna ndimu kule. Nilijiandaa kwa maswali. Lakini wote walimtazama Papa Prezida.

Aliinua bilauri akaielekeza kwenye jua. Mtu huyu alikuwa amefundisha watoto wa watu, mwaka baada ya mwaka, ni nini kilichomo ndani ya kijani kile.

"Ile ni shaba," akasema taratibu. "Ndimu inaitosha mu jiwe, inaitia mu maji. Shiye tunanywesha batoto shaba." Akaweka bilauri chini. "Bon. Procureur, unakamata nani? Mwenye jiwe ao mwenye ndimu?"

Nikasema kwamba jiwe peke yake halikufanya kosa, wala ndimu peke yake, na mashahidi wao ni bilauri isiyo na rangi na makopo ya ukutani. Kosa lilitendwa na wawili hao wakiwa pamoja. Na kwa kuwa ndimu ilikuwa sheria ya chama kizima, basi washtakiwa ni wote walioketi. Kicheko kilianzia kwa muuguzi kikazunguka viti vyote. Ikaamuliwa kwamba kila mwanachama alete karanga, na mwenye mti wa ndimu alete mara mbili. Mama wa Golf alikata rufaa, ikatupwa palepale.

Mama mdogo peke yake hakucheka. Alingoja mpaka wakanyamaza.

"Batapona mbele ya arusi?" aliuliza.

Papa Prezida aliwahi kunifundisha kwamba mwalimu akisema uongo mara moja darasani, hata ukweli wake hautaaminiwa tena. Alijikuna kidevu. "Batapona," akasema. "Lakini kaktusi haijue arusi ni lini."

Tulifanya kazi juma lile lote. Tuliondoa mawe, tukang'oa mimea, tukaosha mizizi, tukakata sehemu ya kahawia mpaka tukafika penye weupe, tukailaza mimea kivulini juu ya magazeti ipone vidonda. Mabibi walikuja kila siku, sasa kwa kazi si kwa kuguna. Baadaye tukaipanda katika mchanga wa mtoni uliooshwa. Haikufa. Lakini kaktusi iliyopoteza mizizi hukaa ikinywa akiba yake yenyewe kwa miezi, ikipungua na kukunjamana kabla ya kuamua kuishi. Siku ya ukaguzi ilipokaribia, tulikuwa na barza iliyojaa wazee wadogo wenye mikunjo.

Mama wa Golf ndiye aliyepata njia. Alisema kwamba bibi akiona mjukuu ni mgonjwa siku ya sherehe, anamtuma mwingine akakae mahali pake. Kila mmoja angeleta kutoka kwake mimea yenye afya, ikawekwa katika makopo meupe. Nikauliza, kwa sababu mtu lazima aulize, kama huo si udanganyifu, maana makubaliano yalisema mimea ya mama mdogo. Papa Prezida akaniuliza mimea ya kwanza ya mama mdogo ilitoka kwa nani. Nikasema ilitoka kwao wote. Na mimea iliyoko kwao leo, je, hakuna hata mmoja uliotoka kwa mama mdogo? Nikasema nusu, pengine zaidi. Akafungua mikono yake kuonyesha kwamba hana swali lingine kwa shahidi.

Asubuhi ya ukaguzi walianza kufika kabla jua halijapasha ukuta. Gari la Golf lilikuja limejaa hadi dirishani, dereva ameketi wima kwa sababu nyuma ya shingo yake palikuwa na kaktusi ndefu. Fundi cherehani alikuja na beseni kichwani juu ya kata nene kuliko kawaida. Wengine walileta zilizokuwa na maua, yale madogo ya rangi ya waridi yanayozunguka kichwa cha mmea kama taji. Kulikuwa na zilizo na manyoya meupe, na zenye majani manene yaliyopangwa kama waridi la kweli. Tulipomaliza, barza yetu ya saruji ilionekana kuwa ya nyumba nyingine. Wanachama wakaambiwa waende nyumbani. Hakuna aliyekwenda. Walikaa nyuma ya nyumba, karibu na jiko, wakiambiana wanyamaze kwa sauti kubwa.

Mama wa bwana arusi alifika amevaa vizuri sana. Hakuketi. Alianza mwisho wa safu, akainua kila kopo, akatazama chini yake, akalinusa, akalirudisha. Aliuliza mmea huu unakunywa mara ngapi. Aliuliza ua hili linakaa siku ngapi. Aligusa mwiba mmoja kwa ncha ya kidole, kwa makusudi, kisha akakitazama kidole. Mwishoni mwa safu akasimama. Mama mdogo alikuwa ameacha pale kaktusi yake moja, kubwa na ya zamani kuliko zote, iliyokunjamana na ya njano upande mmoja. Tulimwomba aifiche akakataa.

"Na hii?"

"Ilikuwa mugonjwa," mama mdogo alisema. "Iko inapona."

Mgeni aliketi, akaomba maji, akayanywa yote, akashusha pumzi ndefu. Kisha akaanza kueleza ni vigumu kiasi gani kwake kuyaacha mawaridi yake meupe. Ndugu zake walikwisha kuambiwa. Watamcheka. Umande ule wa gundi haupatikani kila mahali. Lakini yeye si mtu wa kuvunja neno: ameona, na alichoona si kibaya. Angeweza kukubali. Ila akikubali, na sisi pia tuachie kitu.

"Weye unapata meza," akasema. "Miye unipatie kitenge."

Mama mdogo alikuwa ameshachagua kitenge cha familia zote mbili, cha kijani chenye majani meupe. Mama wa bwana arusi alitaka cha rangi ya chungwa chenye kuku na mayai, ambacho, kwa bahati, alikuwa nacho yeye mwenyewe, cha kutosha ukoo mzima. Nilimwona mama mdogo akitazama makopo. Akamtazama yaya, ambaye alikuwa akitikisa kichwa kwa nguvu zote. Kisha akanyoosha mkono, wakapeana, na nyuma ya nyumba mfuniko wa sufuria ukaanguka, ukifuatiwa na sauti ya muuguzi mstaafu akimshukuru Mungu.

Basi tulimwoza yaya mwisho wa Agosti tukiwa kuku wa rangi ya chungwa. Mama mdogo alikuwa kuku mwenye furaha kuliko wote. Alipita meza kwa meza akiwajulisha wageni kwa mimea, si mimea kwa wageni. Mjomba wa bwana arusi, akifikia chupa ya bia, alichomwa akaruka, na baada yake kila aliyefikia chupa alishangiliwa kwanza. Usiku ulipoingia watu wa mtaa wetu, walewale wa mama ya miiba, walikuwa wakivutana kwa adabu juu ya nani aondoke na ile yenye manyoya. Wanachama walisimama mlangoni kutoa maagizo: jua, mchanga, maji kidogo, ndimu hapana. Kila aliyepokea kopo aliambiwa kwamba sasa ana bibi, na bibi atakuja.

Mimi niliichukua arusi ile kuwa kesi yangu ya kwanza. Kwa muda mrefu niliisimulia kila nilipopata nafasi, hata mbele ya watu waliokuwa wakinihoji kwa ajili ya kazi. Nilisema kwamba tatizo lilipatikana kwa ushahidi, ushahidi ukaleta tiba, na hakimu mwenye upendeleo wa wazi kabisa akaja, akaona kwa macho yake, akahukumu dhidi ya biashara yake mwenyewe. Nilisema hivyo ndivyo mambo yanavyopaswa kwenda. Kazi niliipata, ingawa sidhani kama ni kwa sababu ya kaktusi.

Yaya alikwisha kuwa na mtoto wa pili nilipotumwa Mokambo kumpelekea mama mkwe wake mzigo. Alinikaribisha dukani, akaniketisha juu ya marobota ya mablanketi, akanipa soda. Tukazungumza habari za wajukuu, na kutoka wajukuu tukafika kwenye arusi, na mimi, kwa heshima, nikamsifu kwa haki aliyoitenda siku ile ya ukaguzi. Alikuwa akifunga kamba kwenye kifurushi cha mteja. Alianza kucheka kabla hajamaliza fundo.

Jumatano ya juma lile la ukaguzi, aliniambia, kanisa moja ng'ambo ya mpaka lilikuwa na sherehe. Walinunua mawaridi meupe yote, mpaka shada la mwisho, na lori lililofuata halikuwa na mengine. Aliposimama kwenye barza yetu Jumamosi asubuhi, hakuwa na hata ua moja la kuweka mezani.